Fundi wa Mishono ya Nje

Mashati yaliyotundikwa karibu na mlango yana mishono kwa nje. Anayeingia mara ya kwanza hudhani yamegeuzwa ili yakauke, au fundi alikuwa na usingizi. Kumbe ndivyo yalivyoshonwa. Kingo za kitambaa ambazo kwa kawaida hufichwa ndani, za mabegani, za kwapani na za ubavuni, zote ziko nje, zimelazwa na kupigwa mshono wa pili mpaka zikawa bapa kama utepe. Ndani hakuna kitu. Ukipitisha mkono unakutana na kitambaa kitupu.

Ni asubuhi na mtaa bado haujachangamka. Fundi anafungua dirisha la mbao, anafuta vumbi kwenye cherehani, anatia tone moja la mafuta mahali panapostahili. Nyuma yake mdogo wake wa kiume, mtu mzima mwenye mvi za kwanza kwenye ndevu, anavuta stuli yake mpaka iguse ukuta. Anakaa. Anakohoa kidogo. Kisha anaweka kiganja cha mkono wa kushoto juu ya meza ya cherehani na kukituliza hapo.

Ndipo fundi anapoanza kukanyaga pedali.

"Asipoweka mkono sianzi," ananiambia bila kugeuka, mimi nimekaa mlangoni na daftari langu. "Nikianza kabla yake, siku nzima inaharibika. Ya kwake na ya kwangu."

Mdogo wake huyu ana usonji. Ni hali ambayo mtu huzaliwa nayo. Ubongo wake husikia, huona na kupokea mambo kwa namna yake. Kwake yeye sauti ya ghafla ni kama kupigwa kofi, na mshono mmoja wa kola unaweza kumnyima raha kutwa. Maneno anayosema ni machache, na mengi yanahusu uzi. Mtaani wanamwita Bwana Mkubwa, jina alilopewa na marehemu mama yake kwa sababu tangu utotoni alikuwa akikaa kwenye kiti kama mtu aliye ofisini anayesubiri wageni wajieleze.

Fundi mwenyewe wateja wadogo humwita Shangazi. Wakubwa wanamwita Nje-Ndani. Jina hilo lilianza kwa utani wa jirani yake, fundi viatu wa chumba cha pili, ambaye kila asubuhi hupitisha kichwa dirishani na kumuuliza kama leo tena ameshona huku amelala. Fundi humjibu kwamba heri yeye anayeshona amelala na nguo zikadumu, kuliko mtu anayegonga viatu akiwa macho makavu na bado vinaachia soli njiani.

Wakimaliza kutaniana, fundi viatu hurudi kwenye kigoda chake. Kabla ya kugonga msumari wa kwanza anainua nyundo juu, mahali Bwana Mkubwa anapoweza kuiona. Anasubiri kidogo, halafu anagonga. Ameizoea desturi hiyo kiasi kwamba huinua nyundo hata siku ambazo majirani zake wamefunga na kusafiri. Mkewe anasema huinua hata akiwa anapigilia ndoano ya pazia nyumbani.

Chumba ambamo fundi alijifunzia kazi hakipo tena. Pale palipokuwa na nyumba yao pamejengwa duka la simu lenye vioo. Akipita hupunguza mwendo, anaangalia sehemu ambayo anakisia palikuwa na mlango, kisha anaendelea na safari yake.

"Tulikuwa tunaishi ndani ya sauti ya cherehani," anasema. "Mama akishona, mtoto analala. Mama akinyamazisha cherehani ale, mtoto anaamka. Kwa hiyo mama alikuwa anakula huku mguu mmoja uko kwenye pedali, anakanyaga bure, sindano haina hata uzi."

Anakumbuka harufu ya pasi ya mkaa na ya mafuta ya cherehani. Anakumbuka redio iliyokuwa ikikaa juani mchana ili betri zake zijikongoje mpaka taarifa ya habari ya jioni. Chini ya meza ya kukatia, mdogo wake alikuwa na dunia yake: vipande vya vitambaa vilivyobaki, alivyovipanga kwa rangi kutoka kilicho cheupe kabisa hadi cheusi. Mtu akigusa kimoja, yeye anajua kimeguswa. Dada mtu alikuwa akimchokoza, anabadilisha kipande cha samawati na cha bluu, anajificha nyuma ya pazia kuona itakuwaje. Kila mara kilirudishwa mahali pake, na kila mara yeye alifukuzwa kwenye pazia kwa kutupiwa kikopo cha vifungo.

Enzi hizo, anasema, hali ile haikuwa na jina. "Alikuwa yeye tu. Sasa tuna jina, na nalishukuru, maana ukiwa na jina unaweza kwenda ofisini ukauliza. Lakini zamani hukulazimika kueleza. Ulisema 'ndugu yangu,' basi, inatosha."

Haikutosha shuleni. Bwana Mkubwa alisoma muhula mmoja wa darasa la kwanza. Kila siku alivua shati katikati ya somo, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya dawati na kukaa kifua wazi. Aliadhibiwa, akalivaa, akalivua. Mwishowe mwalimu wa darasa alimwita mama yao na kumwambia kwa upole kwamba mtoto arudi siku atakapojua kuvaa nguo. Majirani wakasema ni mkaidi. Wengine walisema mengine, ambayo fundi hapendi kuyarudia.

Jibu lilikuja lenyewe. Asubuhi moja mtoto alijivika mwenyewe, shati akaligeuza bila kujua. Mama yake alinyoosha mkono amrekebishe, kisha akauacha mkono hewani. Aliona kitu. Siku hiyo mtoto alikula, akacheza chini ya meza, akalala na kuamka, na shati bado liko mwilini. Kesho yake mama alifumua mashati yake yote na kuyashona upya, mishono nje.

"Alipomaliza alikaa chini, akalia kidogo," fundi anasimulia. "Akaniambia, 'Mwanangu, kumbe siku zote hizi alikuwa anatueleza.'"

Mama yao alipofariki, ndugu walikaa kugawana kilichobaki. Fundi anaikumbuka siku ile na kucheka. Walimwambia cherehani achukue yeye, na Bwana Mkubwa amchukue yeye, kana kwamba hao wawili walinunuliwa pamoja kwenye boksi moja. Hakubisha. Alikuwa msichana, na alikuwa na mchumba wa kuja na kuondoka, bwana mmoja mpole aliyekuwa akileta suruali zipunguzwe hata zile zisizo na tatizo. Bwana huyo aliuliza, wakioana, mdogo mtu atakaa wapi. Akajibiwa kwamba atakaa palepale alipo. Hakurudi tena.

"Suruali yake ya mwisho ninayo mpaka leo," fundi anasema. "Pindo nilishatia. Akija kuichukua, itabidi niipanue kiuno, maana atakuwa amenenepa."

Mteja wake wa kwanza wa mishono ya nje asiye wa familia alikuwa mtoto wa muuza mboga, binti aliyekubali kuvaa gauni moja tu duniani. Gauni lilikuwa limechakaa mpaka likawa wavu. Mama yake alikuwa amejaribu kumnunulia mengine, yote yakaishia uvunguni mwa kitanda. Fundi aliomba aachiwe lile gauni kwa kutwa moja, akaambiwa haiwezekani, mtoto hawezi kukaa bila hilo. Basi akalipima likiwa mwilini, mtoto amesimama katikati ya chumba, fundi anamzunguka polepole bila kumgusa. Akakata jipya kwa kitambaa alichokifua na kukianika mara nyingi mpaka ukali wa dukani ukaisha. Mtoto alilinusa, akalipapasa kwa ndani, akalivaa.

Tangu hapo habari zilisambaa kwa njia ya kinamama, ambayo ni ya haraka kuliko redio. Leo zaidi ya nusu ya nguo anazoshona ni za namna hii. Zinachukua muda mara mbili ya nguo za kawaida, na bei yake ni ileile. Nyuma ya chumba zimepangwa ndoo za kulowekea vitambaa vipya, na kamba ya kuanikia haipumziki. Lebo hakuna. Vifungo vyenye ubaridi hubadilishwa vikawa vya mbao. Mtoto mmoja anataka mikono mirefu hata wakati wa joto, mwingine anataka shingo pana kiasi cha kupitisha mabega. Kila mmoja ana lake, na fundi anayajua kwa vidole.

Lakini kuna jambo lililomsumbua kwa miaka mingi kabla ya kulisema. Watoto huletwa dukani. Watu wazima hawaletwi.

Mama au dada huja na uzi mrefu wenye mafundo. Fundo la kwanza ni kifua, la pili ni mkono, la tatu ni urefu wa mgongo. Anauweka mezani, anasema kwa sauti ya chini kwamba nguo ni za kijana wake, au za mdogo wake wa kike, halafu anageuza mazungumzo. Fundi hupima, hushona, hukabidhi. Hajawahi kuziona sura za watu hao. Anajua kwamba mmoja amenenepa tangu mwaka juzi, na kwamba mwingine anapenda kutafuna pindo la mkono wa kulia.

"Ukitimiza miaka kumi na minane wanadhani umepona," anasema. Hatabasamu anapolisema hilo.

Mtaa wao una kituo cha mchana kwa ajili ya watoto wenye usonji na wengine ambao ubongo wao unafanya kazi kwa namna tofauti na iliyozoeleka. Kiko kwenye iliyokuwa stoo ya ofisi ya mtaa. Wazazi walikipaka rangi wenyewe. Hakina kengele, ukifika wakati wa kubadilisha shughuli, mwalimu huinua kitambaa cha kijani. Taa zile ndefu zinazotetemeka ziliondolewa. Kona moja ina pazia zito na godoro, na aliyechoka na kelele anaingia pale bila kuomba ruhusa. Kuna walimu wawili, na muuguzi anayekuja kila wiki. Mtoto akifikisha miaka kumi na minane anaagwa kwa keki, anarudi nyumbani, na mara nyingi mlango wa nyumbani unafungwa nyuma yake.

Fundi angeweza kuendelea kushona na kunyamaza kama si macho yake. Ana mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili. Anasema ni kama mtu amempakia sabuni kwenye kioo cha dirisha. Siku hizi Bwana Mkubwa ndiye anayetunga uzi kwenye sindano. Hakuombwa, aliona tu dada yake anahangaika, akamsogeza kwa bega. Daktari amemwambia upasuaji ni mwepesi, lakini baada yake atapaswa kupumzika kwa wiki kadhaa, bila kuinama na bila kukanyaga pedali. Tarehe ameshapewa na kuahirisha, akapewa nyingine, akaahirisha tena. Hana mahali pa kumwacha mdogo wake mchana. Na bila upasuaji, mwaka ujao hatakuwa na macho ya kumwangalia wala ya kumshonea.

Ndipo alipoenda kwenye kikao cha kamati ya kituo na kuomba watu wazima nao wapewe nafasi.

Mwenyekiti wa kamati ni mtu mwenye moyo. Yeye ndiye aliyepigania stoo ile isigeuzwe kuwa gereji. Alimsikiliza fundi mpaka mwisho, kisha akamweleza ukweli: chumba ni kidogo, walimu ni wawili, watoto wanaosubiri nafasi ni wengi, na hakuna mtu mzima hata mmoja aliyewahi kuja kuuliza. Hawezi kufungua mlango kwa ajili ya mtu mmoja.

Fundi alikuwa amekuja na mfuko. Alitoa mashati na magauni yaliyokuwa yakisubiri kuchukuliwa, akayatandaza juu ya meza ya kikao. Makubwa yote, ya mabega mapana, ya vifua vya watu wazima. Mishono nje. Mwalimu mmoja alinyanyua moja na kulipima kwenye mwili wake, likampita magotini.

Mwenyekiti aliuliza hizi ni za nani.

"Za majirani zako," fundi akamjibu. "Majina sijui. Saizi nazijua."

Mwishowe walikubaliana kwamba asubuhi ya kila Jumatano itakuwa ya watu wazima, kwa majaribio. Waanze na Bwana Mkubwa. Akikaa vizuri bila dada yake na wengine wakajitokeza, huduma itaendelea na siku zitaongezwa. Ikishindikana, Jumatano itarudi kwa watoto, na hakuna atakayelaumiwa.

Jumatano ya kwanza ilishindikana, na fundi anasema aliyeiharibu ni yeye.

Mtu anayemfahamu hawezi kuamini alichokifanya. Kwa siku kadhaa kabla, alimshonea mdogo wake shati jipya la kitambaa cha bei, jeupe, lenye mikunjo miwili mgongoni. Mishono akaiweka ndani. Kola akaitia ugumu. Alitaka kamati imwone ndugu yake amevaa kama mabwana wengine. Alilipiga pasi mpaka likasimama lenyewe. Bwana Mkubwa alilivaa kwa sababu dada yake alimwomba, na kwa sababu siku hiyo kila kitu kilikuwa kigeni na hakujua aanzie wapi kukataa.

Walitoka watatu: fundi mbele, Bwana Mkubwa katikati, na fundi viatu nyuma amebeba stuli kichwani, akiwaambia wapita njia kwamba anahamisha ofisi ya mheshimiwa. Mlangoni mwenyekiti alikuwa amesimama kuwapokea, na walimu wote wawili, na wazazi wachache.

Bwana Mkubwa alifika kizingitini, akasimama, akaanza kufungua vifungo. Alilivua lile shati jeupe, akalikunja vizuri, akaliweka mikononi mwa mwenyekiti. Kisha akageuka na kurudi nyumbani kifua wazi, njia ileile, mbele ya watu. Fundi viatu alimkimbilia na stuli. Fundi hakukimbia.

"Miaka yote nawaambia akina mama, usimwonee haya mtoto wako," anasema, na kwa mara ya kwanza mguu wake unaacha pedali. "Siku yangu ilipofika, nikamvalisha haya zangu."

Kiganja kinabaki mezani. Bwana Mkubwa anamtazama dada yake, halafu anatazama pedali. Fundi anakanyaga tena.

Aliyeokoa jaribio lile ni mmoja wa walimu wa kituo. Siku iliyofuata alikuja dukani, akaomba kukaa, na akakaa muda mrefu bila kusema neno, hata fundi akadhani amechoka na jua. Alikuwa anaangalia. Kabla ya kuondoka aliuliza kitu kimoja tu: Bwana Mkubwa akishaketi asubuhi, mikono yake hufanya nini kwanza?

Fundi alimweleza. Baada ya kuweka kiganja mezani na kutulia, hujaza bobini, vile vigurudumu vidogo vya uzi wa chini. Huzijaza zote, hata zisizohitajika. Hazilegei wala hazipandiani. Mwalimu alishukuru, akaenda zake.

Jumatano ya pili Bwana Mkubwa alivaa shati lake kuukuu la kila siku. Hapakuwa na watu wa kuwapokea. Mwalimu alikuwa amewaomba wakae mbali. Ndani, karibu na dirisha, palikuwa na cherehani ya kufundishia kinamama, na kando yake kisanduku cha bobini tupu na nyuzi za rangi zote zilizovurugika. Bwana Mkubwa aliuangalia ule uchafu wa nyuzi kama mtu aliyekuta ofisi yake imevamiwa. Akavuta stuli mpaka ukutani. Akaweka kiganja mezani.

Dada yake alirudi dukani peke yake.

Alikaa kwenye cherehani. Nguo ilikuwa tayari chini ya sindano, uzi umeshatungwa. Hakuanza. Fundi viatu alipitisha kichwa dirishani akauliza mbona kimya kimezidi, akamjibu kwamba anasubiri. Akaulizwa anasubiri nini.

"Nilitazama pale stuli ilipokuwa," anasema. "Tangu mama afariki sijawahi kukanyaga pedali bila ule mkono. Sikujua kama naweza. Nilikaa kama mtu aliyeketi kwenye chumba cha wageni nyumbani kwake mwenyewe. Nikawa nakumbuka tu. Redio, mkaa, mtoto chini ya meza. Nikasema loo, kumbe yale yamekwisha na sikuyaaga."

Alishindwa kuvumilia, akaenda kumchukua mapema. Alichungulia dirishani. Bwana Mkubwa alimwona, akamtazama kidogo, akarudi kwenye uzi wake. Mwalimu alimwonyesha kwa mkono kwamba bado. Fundi akakaa kwenye ngazi za mlango, juani, na mkoba wake mapajani, kama wale wanaosubiri kuitwa kwa daktari. Mdogo wake alipomaliza bobini ya mwisho alizipanga zote kutoka nyeupe hadi nyeusi, akachukua stuli, akatoka, akampita dada yake kama mtu anayempita karani, na kumtangulia nyumbani.

"Nilimfuata nyuma nacheka na kulia," anasema. "Bora hakugeuka. Angedhani nimeharibika."

Tangu siku hiyo hajakosa Jumatano hata moja. Kinamama wanaojifunza kushona pale kituoni wanasema hawajawahi kukutana na bobini zilizojazwa vile, na wamejifunza kuinua mkono kabla ya kuanza kukanyaga. Fundi naye amejifunza kushona bila kiganja mezani, ingawa anakiri kwamba mishono ya Jumatano haijanyooka sana.

Tarehe mpya ya upasuaji imepangwa, mwezi ujao. Mpango wake ni huu: siku zikiongezwa, mchana mdogo wake atakuwa kituoni, jioni atakuwa na mke wa fundi viatu, ambaye ameshahamishia mto wake nyumbani kwa fundi. Akipona, anataka kufundisha kinamama wa kituo jinsi ya kukata na kulaza mishono ya nje, ili kazi hiyo isitegemee macho ya mtu mmoja.

Lakini mpango wote umesimama juu ya Jumatano, na Jumatano yenyewe haijakaa imara. Mpaka wiki iliyopita Bwana Mkubwa alikuwa peke yake. Stuli nyingine zimepangwa, hazina watu. Mwenyekiti amesema, tena kwa huzuni, kwamba mwezi ukiisha bila mtu mzima mwingine kujitokeza, atalazimika kuwarudishia watoto asubuhi hiyo, kwa sababu nao wanasubiri. Hapo fundi ataahirisha upasuaji kwa mara ya tatu, na daktari ameshamwambia jicho halisubiri.

Amewaambia wote wanaokuja na nyuzi zenye mafundo. Wanaitikia kwa kichwa, wanalipa, wanaondoka. Fundi hawalaumu. Anajua uzito wa kutoka nje na mtu ambaye mtaa umezoea kutomwona.

"Andika hivi," ananiambia. "Waje. Si lazima wakae kutwa. Si lazima waseme neno. Akitaka kusimama mlangoni tu aangalie, asimame. Mimi wa kwangu alirudi kifua wazi mbele ya mwenyekiti, na bado leo yupo. Kitu gani kibaya zaidi ya hicho kitatokea?"

Baada ya hapo aliniangalia kwa yale macho yenye ukungu kama anayengoja swali la mwisho. Nilikuwa na jambo la kumwambia, lakini nikaaga na kuondoka nalo. Mdomoni huwa nashindwa, ndiyo maana naandika.

Nyumbani kwetu yuko mmoja. Ni dada yangu mkubwa. Anapenda kukunja nguo na kusikiliza mvua kwenye bati, na akifurahi hupiga makofi polepole karibu na sikio. Niliacha shule darasa la tano nikae naye, mama aende kazini. Hakuna jirani anayejua jina lake.

Shangazi, Jumatano tunakuja.